Skana, mita au geji? Njia za kuibana sensa ya presha ya mafuta kabla ya kununua mpya

Gari limeanza kukosa nguvu mlimani. Unakanyaga mafuta, linavuta kidogo, kisha linakata, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na kuanzia hapo mwendo ni wa kubembeleza. Skana inachomekwa, unatoka msimbo wa hitilafu P0193, na maelezo yake yanataja sensa ya presha ya reli ya mafuta, yaani ya bomba linalogawa mafuta kwa nozeli zinazoyanyunyizia kwenye injini. Neno "sensa" limeshaonekana kwenye skrini, basi inanunuliwa sensa. Siku tatu baadaye taa imerudi na msimbo ni uleule.

Inaniuma kila ninapoona jambo hili, kwa sababu mara nyingi sensa iliyotolewa ilikuwa nzima. P0193 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta ya injini imeona umeme wa juu kupita kiasi kwenye waya wa taarifa. Umeme huo unaweza kupandishwa na sensa, lakini hata waya wa ethi (wa hasi) uliokatika, soketi iliyoota kutu au waya uliochubuka ukagusana na mwenzake unaweza kuupandisha. Kumjua mwenye kosa kunahitaji vipimo, na njia zilizo mikononi mwa mafundi wengi na wenye magari ni nne: skana, mita ya umeme, geji ya presha, na ile ya kubadilisha kifaa uone kama gari litapona. Njia hizi hazijibu swali moja. Ndiyo maana mtu mwenye skana ya gharama anaweza kubaki gizani, na mwenye mita ya kawaida akamaliza kazi kwa dakika kumi.

Sensa inavyosema

Kwenye magari mengi sensa hii ina waya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni ethi, wa tatu unarudisha taarifa. Reli ikiwa haina presha, waya wa taarifa hubeba karibu volti 0.5. Presha ikifika kikomo cha sensa, hukaribia volti 4.5. Katikati hapo volti hupanda kadiri presha inavyopanda. Nafasi za chini na juu zimeachwa makusudi: volti 0 au volti 5 kamili haiwezi kuwa presha ya kweli, kwa hiyo kompyuta ikiiona inajua moja kwa moja kwamba kasoro ni ya umeme.

Chukua mfano wa dizeli ya komoni reli, ile ambayo nozeli zote hulishwa na reli moja ya presha kubwa, yenye sensa ya bar 0 hadi 1800. Injini ikiwa imewaka bila kukanyagwa, tuseme reli ina bar 300. Hapo waya wa taarifa utakuwa na karibu volti 1.17. Sasa tazama jambo dogo ambalo wengi hulipita: kwenye sensa hiyo, volti 0.1 tu ni sawa na bar 45. Kutu kiasi cha kupaka rangi pini moja inatosha kuidanganya kompyuta bar 45, na msimbo usitoke kabisa. Ishike hesabu hii, tutairudia.

Skana

Skana ina kazi mbili, na watu wengi huishia kwenye ya kwanza, yaani kusoma misimbo. Hata hiyo ina thamani ikisomwa vizuri. P0190 ni hitilafu kwenye mzunguko wa sensa. P0192 ni umeme ulio chini mno, P0193 ulio juu mno, P0194 unaokuja na kuondoka. Hizo ni za waya, soketi na sensa. P0087 ni kesi nyingine: presha ya reli iko chini ya inayotakiwa, na mara nyingi sensa imesema kweli tupu. Kosa liko kwenye filta iliyoziba, pampu iliyochoka, vali ya kudhibiti presha, au nozeli zinazorudisha mafuta mengi kwenye tanki. P0088 ni kinyume chake, presha imezidi. Anayebadilisha sensa kwa sababu ya P0087 pekee amemwadhibu shahidi.

P0191 ndiyo tata. Inasema usomaji wa sensa hauendani na kinachotarajiwa, na hilo linaweza kutoka upande wowote, umeme au mafuta. Hapo ndipo kazi ya pili ya skana inapohitajika: kuonyesha data papo hapo.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote kwenye skana ni cha asubuhi. Gari limelala usiku kucha, injini ni baridi. Washa swichi bila kupiga stata, tafuta presha ya reli. Kwenye dizeli ya komoni reli inatakiwa isome sifuri au karibu yake, kwa kuwa presha yote imeshashuka. Ikisoma bar 40 au 60 ilhali injini haijazunguka, taarifa hiyo si ya kweli, na umeipata bila kufungua hata boliti moja. Kwenye petroli ya GDI, inayonyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kuwa mwangalifu zaidi: pampu ya tangini hujaza reli mara tu swichi inapowashwa, kwa hiyo bar chache ni kawaida, na mifumo mingine hubakiza presha kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa.

Kisha piga stata. Dizeli nyingi za kisasa hazifungui nozeli mpaka reli ifikishe kiwango fulani, kwa kawaida kati ya bar 150 na 250. Injini ikizunguka bila kuwaka na skana ikionyesha bar 60, swali lako ni moja tu: je, ni bar 60 kweli, au ni sensa inayosema hivyo? Skana haiwezi kukujibu.

Na hapa ndipo udhaifu wake mkubwa ulipo. Kompyuta haina jicho lingine ndani ya reli. Inaamuru presha, inasikiliza sensa, kisha inafungua na kufunga vali mpaka sensa iseme kiwango kimefikiwa. Sensa ikiwa inazidisha bar 45, kompyuta itashusha presha ya kweli mpaka 255, sensa iseme 300, na skana yako itaonyesha presha iliyoamriwa 300 na iliyopatikana 300, mistari miwili imelaliana vizuri kabisa. Gari linatetemeka, linawaka kwa shida, na skrini inasema kila kitu ni shwari. Mafundi wazuri wamepotea hapa, kwa sababu walichukulia namba ya skana kama kipimo cha presha, kumbe ni ushuhuda wa sensa ileile wanayoishuku.

Kwenye petroli kuna mlango wa nyuma. Sensa ikizidisha, mafuta halisi yanakuwa machache, sensa ya oksijeni inaona hewa imezidi, na kompyuta inaanza kuongeza mafuta. Marekebisho hayo ya mafuta ya muda mrefu, unayoyaona kwenye skana, yakipanda na kukaa juu ya asilimia 10 bila hewa kuvuja popote, rudi kwenye presha. Marekebisho yakiwa hasi sana, huenda sensa inapunguza namba na presha ya kweli iko juu.

Kuhusu kuchagua skana yenyewe: adapta ndogo za Bluetooth zenye chipu ya ELM327 zinasoma misimbo na data za msingi kwenye gari lenye soketi ya pini 16 ya OBD-II, mfumo wa kawaida wa kusoma kompyuta ya gari. Marekani soketi hiyo ni ya lazima tangu magari ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Kwa kipimo cha asubuhi adapta inatosha, ikiwa gari linatoa presha ya reli kwa mfumo wa kawaida. Ila angalia programu ya simu inasoma wapi. Sehemu ya zamani ya presha ya mafuta kwenye OBD-II inaishia kPa 765, yaani bar 7.65 tu. Ukiona dizeli yako haipiti namba hiyo, unasoma mahali pasipo pake. Presha ya reli ya dizeli na GDI ina sehemu yake, na huandikwa kwa kPa: 30,000 ni bar 300. Presha iliyoamriwa, kwa kulinganisha na iliyopatikana, mara nyingi utaikuta kwenye skana zinazoongea lugha ya mtengenezaji wa gari, na kwa dizeli hilo ndilo linalofanya skana kubwa istahili bei yake.

Mita

Mita haijui presha ni nini. Inajua volti, na kwa P0190, P0192, P0193 na P0194 hicho ndicho kinachotakiwa. Iwe ya dijitali. Taa ya kupimia umeme iache kwenye sanduku, kwa sababu inavuta mkondo mkubwa kuliko nyaya hizi zilivyokusudiwa.

Chomoa soketi ya sensa, washa swichi, usiwashe injini. Weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye pini ya volti 5. Inatakiwa iwe karibu sana na 5. Isipokuwepo, usiilaumu sensa ya mafuta bado. Volti 5 hiyo mara nyingi hugawanywa kwa sensa kadhaa, na moja ikishoti huko kwake, zote zinaangushwa. Ukiona P0642 au P0652, misimbo ya volti 5 hiyo kushuka, pamoja na misimbo mingine isiyohusiana, chomoa sensa hizo moja moja huku mita imekaa palepale. Ile ambayo ikichomolewa volti 5 inarudi, ndiyo mkosaji, na inaweza kuwa ya presha ya gesi ya AC iliyo mbele kabisa, mbali na mfumo wa mafuta.

Halafu ethi. Hapa wengi hupima kwa omu, wanaona namba ndogo, wanaridhika. Ni kosa. Waya uliobaki na uzi mmoja mzima utakupa omu nzuri kabisa. Rudisha soketi, gusa pini ya ethi kwa nyuma kwa sindano ya kupimia bila kutoboa ganda la waya, na pima volti kati yake na hasi ya betri huku injini inawaka. Ikizidi volti 0.1, ethi ina shida. Na unakumbuka volti 0.1 ni bar ngapi kwenye mfano wetu.

Nikueleze soketi moja ilivyoonekana. Gari la dizeli, P0193, sensa ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili. Soketi kwa nje ilikuwa safi, imefutwa vumbi. Nilipoigeuza kwenye mwanga, pini mbili zilikuwa na rangi ya fedha na ya tatu ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye shingo, pale inapozama kwenye plastiki. Ilikuwa ya ethi. Waya wake ulipovutwa taratibu ulitoka mzima mkononi, ncha yake imeliwa, imebaki unga wa kijani. Ethi ikipotea, sensa haina pa kutua, na taarifa inapanda kuelekea volti 5. Kompyuta inaandika P0193. Sensa zote tatu, ya kwanza na mbili mpya, zilikuwa nzima.

Kipimo cha mwisho cha mita hakihitaji hata mita, kinahitaji skana na kipande cha waya. Soketi ikiwa imechomolewa, tazama skana inaonyesha nini. Kwenye mifumo mingi kompyuta huuvuta waya wa taarifa kwenda juu, kwa hiyo skana itaonyesha presha kubwa mno. Mingine huuvuta chini. Kama msimbo ulikuwa P0192 na volti 5 ipo, ukachomoa sensa taarifa ikaruka juu, basi waya na kompyuta ni wazima, sensa ndiyo iliyokuwa ikiishusha. Kama ulikuwa P0193, unganisha waya wa taarifa na wa ethi palepale kwenye soketi. Taarifa ikianguka chini kabisa, nyaya hizo mbili zinafika kwenye kompyuta salama, na sasa unaweza kuishuku sensa kwa haki. Hakikisha tu kwa mchoro wa nyaya kwamba unajua pini ipi ni ipi. Ukiunganisha volti 5 na ethi kwa bahati mbaya, unajitengenezea tatizo jipya.

Udhaifu wa mita ni kasi. Sensa inayokatika kwa sehemu ya sekunde, mita inaipita, inaonyesha wastani. Kwa hitilafu ya namna hiyo oskiloskopu ndiyo yenyewe, maana inachora umeme na ule mkato unaonekana kama jino kwenye mstari. Asiye nayo arekodi data ya skana huku mtu mwingine akitikisa nyaya kuanzia soketi kwenda nyuma. Njia hii hukamata kasoro nyingi, hata kama si zote.

Geji

Geji ndiyo pekee inayogusa mafuta yenyewe. Kwenye injini ya petroli ya kawaida, ile ambayo nozeli zinanyunyizia kwenye njia ya hewa, presha ni kama bar 3 hadi 4, na reli nyingi zina kichomeo cha kufungia geji, chenye vali kama ya tairi. Kama gari la namna hiyo lina sensa ya presha, hakuna hukumu safi kuliko hii: geji inasema 3.5, skana inasema 3.5, sensa ni nzima. Geji 3.5, skana 5, umemaliza. Geji 2, skana 2, iache sensa, nenda kwenye filta na pampu.

Kwenye GDI na dizeli, geji hii ni ya upande wa chini tu, kati ya tanki na pampu ya presha kubwa. Huko inafaa sana, kwa sababu pampu kubwa isiyolishwa vizuri haiwezi kujaza reli, na hiyo ni sababu ya kawaida ya P0087. Dizeli nyingine hazina pampu tangini, pampu kubwa inavuta yenyewe, na hapo kinachopimwa ni uvutaji.

Usiifunge geji hii kwenye reli ya presha kubwa. Nasema hivi nikimaanisha kila neno. Reli ya GDI ina bar 50 hadi 200, mingine 350, na ya dizeli inaweza kupita 2000. Mafuta yakitoka kwenye tundu dogo kwa presha hiyo yanatoboa ngozi na glavu. Jeraha linaonekana kama limechomwa pini, maumivu mwanzoni ni kidogo, na ndani mafuta yameshasambaa kwenye kidole au mkono. Ni dharura ya upasuaji, mtu anakimbizwa hospitali saa ileile, hangoji avimbe. Usitafute uvujaji kwa mkono, tumia kipande cha boksi. Usilegeze paipu injini inawaka, wala mara tu baada ya kuzima. Kila mtengenezaji ana muda wake wa kusubiri na utaratibu wa kushusha presha, na skana ikithibitisha reli iko sifuri, kumbuka ni sensa ileile inayosema.

Kwa dizeli, badala ya geji upande wa juu, pima marejesho ya nozeli kwa vichupa. Vichupa vinne kwenye mirija minne, injini iwake kwa dakika chache, na nozeli inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake inajitaja. Hilo halihukumu sensa, lakini linaeleza presha ndogo vizuri kuliko msimbo wowote.

Kubadilisha tu

Siikatai moja kwa moja. Kama una sensa inayojulikana ni nzima kutoka kwenye gari linalofanana, na sensa inafikika, kubadilishana kwa muda ni kipimo halali. Lakini kwenye dizeli nyingi sensa imefungwa kwenye reli kwa nguvu maalum, na watengenezaji wengine huuza reli na sensa kwa pamoja kwa sababu hawataki ifunguliwe. Mifumo mingine inataka kompyuta ijulishwe baada ya kubadilisha. Sensa mpya isiyo ya asili nayo inaweza kuwa na kipimo tofauti, ikakupa tatizo ambalo hukuwa nalo, na sasa hujui lipi ni la zamani.

Kuchomoa sensa na kujaribu kuwasha gari ni ndugu yake. Kompyuta nyingine huchukua thamani ya akiba na injini inawaka kwa nguvu ndogo. Nyingine haziwaki kabisa. Likiwaka vizuri kuliko lilivyokuwa, una dalili dhidi ya sensa au nyaya zake. Lisipowaka, hujajifunza lolote.

Uanze na ipi

P0192, P0193 au P0194: chukua mita, anza na soketi, halafu volti 5, halafu ethi. Skana ikusaidie tu kwenye kipimo cha kuchomoa. Geji haina kazi hapa.

P0087: geji upande wa chini na vichupa vya nozeli, lakini tanguliza kipimo cha asubuhi, kwa kuwa hakina gharama.

P0191, au gari linasumbua bila msimbo wowote: skana asubuhi, kisha mita kwenye ethi injini ikiwaka, na kwa petroli tazama marekebisho ya mafuta. Ukiwa na petroli ya kawaida yenye kichomeo, ruka yote hayo ufunge geji.

Na kama unanunua kifaa kimoja tu mwaka huu, nitakwambia mita. Skana unaweza kumwomba jirani dakika tano akusomee msimbo. Muda wa kukaa na soketi mkononi, kuigeuza kwenye mwanga na kupima pini moja baada ya nyingine, hakuna atakayekuazima.